Mwaka Nilioitoa Sukari Nyumbani

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimelala chini ya lori pale Kainuk risasi zikipita juu yangu, asubuhi nikanawa uso nikaendelea na safari. Nimeona mto mkavu, ambao asubuhi tulikuwa tunachimba mchanga wake kutafuta maji ya kunywa, ukibeba ng'ombe mchana huohuo. Shule niliiacha darasa la tatu, na leo watu wenye digrii wananipigia simu kuniuliza mbuzi watakuwa bei gani mwezi ujao. Nyumba hii ya mawe hapa Nawoitorong, Lodwar, yenye vigae mpaka jikoni, niliianza kwa kuuza tumbaku ya kupima kwa kijiko kando ya barabara ya Lokichoggio. Kwa hiyo mtu akinijia mbio na habari, namwambia kaa kwanza, pumua, hakuna jambo ambalo macho haya hayajaona.

Lakini juzi nilishangaa, na kilichonishangaza ni kijiko cha chai. Simu ilikuwa imeingia kutoka Bungoma kwamba Sista Nekesa amefariki. Mke wangu Asekon alipoisikia alikaa kwenye kiti cha jikoni, akashika leso yake. Binti yetu Akiru alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kitale na watoto wake, na wakati huo alikuwa anajimiminia chai. Akatia sukari kijiko kimoja, akatia cha pili, akatia cha tatu, akakoroga huku anasoma simu yake, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Kwani huyo Sista alikuwa nani?"

Nikamwangalia. Mama yake akamwangalia.

"Mbona mnaniangalia hivyo?"

"Tunaangalia kijiko," nikasema.

"Kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu. Kunywa chai yako."

Sasa wewe niambie. Mtoto amenimalizia duka, amenigombanisha na mama yangu mzazi, amenifanya kichekesho cha Kakuma nzima, na hakumbuki hata sura ya mwanamke aliyesababisha yote hayo. Anajua tu ana kovu kwenye mkono wa kushoto, na watu wakimwuliza anasema ni moto, mambo ya utoto. Ndipo nikasema acha niandike, herufi zangu hizi za darasa la tatu zikipinda zipinde, kwa sababu mimi nikiondoka na mama yake akiondoka, ule mwaka wa tisini na saba utakuwa kama haukuwepo.

Mwaka huo nilikuwa mtu mkubwa Kakuma. Sijisifu, waulize wenyeji. Duka langu la mabati lilitazama barabara, na nilikuwa naleta sukari kutoka Kitale kwa lori, magunia yamepangwa mpaka karibu na paa, na nusu ya kambi ilikuwa inakunywa chai ya sukari yangu. Wakimbizi walikuwa wanapewa unga, maharagwe na mafuta. Sukari ilikuwa adimu, na mtu aliyekimbia vita Sudan kwa miguu, akipata mahali pa kukaa, kitu cha kwanza anachotamani ni chai tamu. Mimi ndiye niliyeelewa hilo kabla ya wengine. Walinipa mafuta yao ya mgao, nikawapa sukari. Ndipo watu wakaniita Losukari, na jina hilo nililipenda kuliko lile nililobatizwa nalo. Na kuna jambo jingine nililolianzisha mimi, si Ekidor mwenye duka la ng'ambo ya barabara, ingawa yeye alipenda kusema wazo ni lake. Nyongeza ya mtoto. Ukija kununua sukari kwangu, hata kama ni robo, na umekuja na mtoto, mtoto anafungua kiganja na mimi namwekea chembe pale katikati. Analamba. Kesho mama akisema twende dukani, mtoto anamvuta kwa Losukari. Hesabu ya darasa la tatu hiyo, na Ekidor aliyefika kidato cha pili hakuwa ameipata.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kimoja, ndiyo nyumba. Kaunta, halafu pazia, halafu sisi. Jiko la mawe matatu lilikuwa uani. Akiru alikuwa na miaka mitano, mtoto wetu pekee wakati huo, na alikuwa anaanguka. Sisemi kuanguka kwa mtu aliyejikwaa. Alikuwa amesimama anakueleza habari ya kuku, halafu kichwa kinakatika kama mtu anayesinzia kanisani, magoti yanaisha, na yuko chini. Mara nyingine mwili unakakamaa na povu linatoka. Kifafa. Ilitokea mara nyingi kwa siku hata tukaacha kuhesabu. Mkono ule wenye kovu uliungua siku aliyoangukia jikoni, na Asekon alikuwa amegeuka tu kuchukua sufuria. Tangu siku hiyo hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kugeuka kwa amani. Kilichokuwa kinanichosha zaidi ni watu. Walikuwa wakimwona anaanguka wanaruka nyuma kama wameona nyoka, eti ukigusa povu na wewe utaanguka. Akiamka, walewale wanaanza kumhurumia, masikini mtoto, wanamtilia biskuti mkononi kwa mbali, vidole vimenyooka. Kumgusa hawataki. Kumlisha ndiyo wanataka.

Nilijaribu yote. Mama yangu, ambaye sote tulimwita Ata, yaani bibi, kwa sababu ya mtoto, alileta mwaguzi. Nikachinja mbuzi mwekundu, mtoto akapakwa majani mabichi ya tumbo la mbuzi kuanzia kichwani. Akaanguka. Nikachinja mweupe. Akaanguka akiwa bado amepakwa. Nikampeleka hospitali Lodwar wakampa vidonge. Vidogo, havifanyi kitu. Vikubwa, analala mchana kutwa mdomo wazi, akiamka anaanguka. Mara ya mwisho daktari alimtazama sana, akaniambia, "Mzee, kuna sista mmoja wa lishe, amesomea chakula cha watoto wa namna hii. Yuko hospitali ya kambi, kule Kakuma." Yaani nimekula vumbi siku nzima kutoka Kakuma mpaka Lodwar, na mtoto magotini, kuja kuambiwa kwamba ninachokitafuta nimekiacha jirani na mlango wangu.

Sista Nekesa alikuwa mwanamke wa Kibukusu, mfupi, mnene, sauti ya mwalimu mkuu. Alitukalisha kwenye benchi, akachukua kalamu.

"Baba Akiru, unafanya kazi gani?"

"Nauza sukari."

Akaweka kalamu chini. "Na nini kingine?"

"Unga. Biskuti. Peremende. Soda zikifika."

Akamgeukia Asekon. "Na wewe, mama?"

"Mimi nampikia huyu."

"Haya," Sista akasema. "Kazi tunayo."

Akatueleza. Mwili wa mtoto ukinyimwa sukari, na unga, na kila kitu kinachogeuka sukari tumboni, unaanza kuchoma mafuta badala yake. Na kwa watoto wengine, ukichoma mafuta, ubongo unatulia, kuanguka kunapungua. Nikamwuliza kwa nini. Akasema hata walimu wake hawakujua vizuri kwa nini. Wengine inawasaidia, wengine haiwasaidii kabisa. Tutajaribu miezi mitatu chini ya macho yake, kila kitu kinapimwa, mafuta mara nne ya vingine vyote, na isiposaidia tunaacha. "Na msije mkajifanyia nyumbani mnavyotaka," akasema. "Chakula hiki ni dawa. Kinaweza kumwumiza kama sindano mbaya." Halafu akatoa ile ya mwisho. Tutaanza kwa kumlaza hospitali na kumnyima chakula, maji tu, mpaka mwili uanze kuchoma mafuta.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Ata. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua uso.

"Mwaka ule mifugo ilipokufa," akasema, "nilikupondea koma, matunda ya mkoma, kwa jiwe nikakulisha, mimi mwenyewe nikafunga tumbo kwa kamba. Leo una chakula mpaka kwenye paa, unampeleka mtoto wako kwa watu wamlaze na njaa."

"Ni dawa, Ata."

"Njaa ni dawa ya nini? Mimi nimekunywa dawa hiyo maisha yangu yote. Ningekuwa sina hata kikohozi."

Na ukafika huko hospitali sasa. Wodi aliyolazwa Akiru ni ya watoto waliokonda, waliofika kutoka Sudan wakiwa ngozi na macho, na kazi ya wodi hiyo ni kuwanenepesha. Kila baada ya muda mfupi inapita ndoo ya maziwa yenye sukari, kikombe kwa kila mtoto, na mama zao wanabembeleza, kunywa mwanangu, kunywa. Kitanda cha Akiru ndoo inakiruka. Ndoo ikiruka, mama wa kitanda cha pili ananiangalia mimi na shati langu lililopigwa pasi, na tumbo langu, na naona kabisa anachofikiria. Mama mmoja wa Kidinka alimwuliza Asekon kwa upole kama tumekosana na sista. Akiru alilia mpaka sauti ikakauka, halafu akawa anafuata ndoo kwa macho tu, na mimi nikatoka nje nikasimama juani nikigombana na mlinzi kuhusu mahali pa kuegesha baiskeli ambayo hata haikuwa yangu.

Basi tukaanza. Asubuhi yai likiogelea kwenye mafuta. Mchana kipande cha samaki wa ziwani na akimiet, samli ya mbuzi, mpaka samaki haonekani. Jioni nyama kiasi cha kidole, mafuta ya mkia wa kondoo, majani ya kunde kidogo sana. Malai ya maziwa yaliyoenguliwa juu. Ugali hapana, maharagwe hapana, uji hapana, chai ya sukari usiseme. Sista alituazima mizani ndogo ya kuweka juu ya meza. Nikamwambia mimi ninayo mizani, tena ndiyo mizani ya kweli pekee katika Kakuma. Akaniambia, "Yako ni ya kupima magunia, Baba Akiru. Hii ni ya kupima mtoto." Asekon alifika darasa la saba, yeye ndiye aliyepima, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtu anayetunga sindano. Mtoto alikataa. Alitapika. Alificha mafuta shavuni akaenda kuyatemea kuku. Ndipo Asekon akaanza kula naye, sahani kwa sahani, tonge kwa tonge, ili asijione peke yake duniani, na akanenepa hata wanawake wa kanisani wakasema Losukari ameanza kumpenda mke wake.

Kuna kitu kimoja katika miezi hiyo ambacho nikikikumbuka bado nakasirika, na sijui nimkasirikie nani. Watoto wa wateja walikuwa wanakuja na mama zao, wanapanga foleni mbele ya kaunta na viganja vyao wazi. Na Akiru anatoka nyuma ya pazia, anajipanga mwisho, na yeye anafungua kiganja. Nilikuwa naweka chembe, naweka chembe, nafika kwake, mkono unamruka. Halii. Anabaki amefungua kiganja mpaka mteja anaondoka, kisha anakifunga kama kuna kitu ndani, anarudi nyuma ya pazia.

Sista alitupa karatasi nyembamba za kuchovya kwenye mkojo. Ikigeuka zambarau, mwili unachoma mafuta. Ikibaki na rangi yake, kuna kitu kitamu kimeingia. Mimi kusoma kwangu ni kwa shida, lakini karatasi hiyo niliisoma kuliko profesa. Wiki za kwanza ilikuwa zambarau ya kanzu ya askofu. Na kuanguka kukapungua, si kidogo, asubuhi nzima inapita mtoto amesimama tu kama watoto wa watu. Nilianza kutembea Kakuma nikiwa nimeinua kidevu. Halafu karatasi ikafifia. Akaanguka mara moja mchana, mara tatu jioni. Kesho yake tena. Sista akaja mwenyewe mpaka dukani, akatazama rafu za biskuti, akanitazama mimi.

"Kuna mtu anamlisha."

"Hapa kwangu? Haiwezekani."

"Mkojo hauna sababu ya kunidanganya, Baba Akiru."

Nikawakagua wote. Nyandeng, mama wa Sudan aliyekuwa anatuletea mayai kutoka kambini, nilimwambia afungue mkono nione, akanifungulia na kunionyesha na ulimi pia. Wanawake wa kanisani niliwakataza kuvuka mlango. Akabaki Ata.

"Ata, umempa mtoto nini?"

"Hadithi."

"Na nini tena?"

"Sasa hadithi nazo zina sukari?" Akasimama. Mama yangu alikuwa mrefu kuliko mimi, na shanga zake zilipotikisika nilijisikia tena mtoto wa kuchunga mbuzi wawili. "Wewe unayemnyima, unaniuliza mimi ninayemlea. Siku moja utaniuliza kama nimeiba." Akafunga vitu vyake kwenye ngozi, akapanda lori la Lodwar, na hakugeuka kuniaga, mbele ya Ekidor aliyekuwa amekaa kwenye mlango wake anasafisha meno kwa mswaki wa mti.

Ata aliondoka, na karatasi haikubadilika. Sasa hapo nieleze jambo nililolifanya kwa akili yangu mwenyewe. Baada ya mtoto kuungua, nilimtafutia mahali pa kulala pasipo na hatari. Chini kuna nge, kitandani ataanguka, uani kuna moto. Nikapanga magunia ya sukari mistari miwili tu kwenye pembe, mapana, nikatandika mkeka juu. Akianguka, anaangukia kitu kinachompokea, moto uko mbali. Wazo hilo nililisimulia kwa wateja, nikasifiwa, hata Sista alilisifu bila kuuliza ndani kuna nini. Basi adhuhuri moja, joto la kufunga maduka, nikaingia nyuma kutoa gunia. Akiru alikuwa amelala kifudifudi, macho nusu, na pembe ya gunia iko mdomoni. Ananyonya. Pale penye mshono, nyuzi zilikuwa zimelowa na kulainika kama chuchu ya mbuzi aliyezaa. Alikuwa ananyonya polepole, kwa adabu, kama mtu anayejua gunia ni kubwa na hakuna haraka.

Nikamwita Asekon. Akaja, akatazama, akakaa chini akacheka mpaka machozi yakatoka, na sikujua ni wakati gani kicheko kiliisha na machozi yakabaki.

"Losukari," akasema. "Umemtandikia mtoto sukari."

Nikahamisha magunia yote mbele, nikaweka ubao na kufuli, mtoto akalala kwenye ngozi katikati ya chumba. Kuyapeleka kwingine haikuwezekana, miaka ile Kakuma sukari isiyolaliwa na mwenyewe ilikuwa haiamki. Karatasi ikarudi zambarau, nikapumua. Halafu siku nyingine ikafifia, ikarudi, ikafifia. Sista akasema miezi mitatu inakwisha, na kama chakula si safi hawezi kujua kinasaidia au hakisaidii. Atamtoa kwenye chakula hicho. "Sitamtesa mtoto kwa mafuta bure," akasema. Na vidonge tulishavijaribu, na mbuzi wekundu na weupe tulishawamaliza. Mbele ya hapo palikuwa na jiko la mawe matatu tu, likimngoja.

Aliyeona ni Nyandeng. Alikuwa ameleta mayai, tunabishana bei, na mimi nimembeba Akiru kwa mkono mmoja kama kawaida yangu. Nyandeng akanyamaza katikati ya bei.

"Losukari, angalia mtoto yako."

"Nini?"

"Anakula wewe."

Nikatazama. Akiru alikuwa na kidole gumba changu mdomoni. Akakimaliza, akaja kwenye kiganja, akapanda kwenye kifundo cha mkono, ulimi unatembea pole. Mimi nilikuwa nikipima sukari tangu alfajiri. Vumbi la sukari likishikana na jasho la Kakuma linakuwa gundi, liko kwenye vidole, liko shingoni, liko kwenye kola ya shati na kwenye vinyweleo vya mikono. Kila nilipombeba nilikuwa nampakulia. Nikanawa kwa sabuni, nikanusa, bado. Nikanawa tena. Nyandeng akaniangalia akatikisa kichwa. "Kalas, basi," akasema. "Hiyo haitoki. Wewe iko sukari mpaka ndani."

Asekon alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alitoka na ile ngozi ya kulalia mtoto imekunjwa chini ya kwapa. "Mmoja anatoka hapa," akasema. "Sisi au sukari. Mimi sina neno, nataka tu kujua nifunge mizigo ya nani."

Mtu mwingine angeshindwa kuamua. Mimi niliamua kabla ya jua kutua, na hasira zilinisaidia. Nikavuka barabara kwa Ekidor.

"Losukari anauza magunia yote?" akasema. "Kuna nini, imeingia panya?"

"Ni mtoto."

"Mtoto gani anakula magunia yote hayo?" Akacheka na watu wake wakacheka. Akataja bei ambayo mtu mwenye haya asingeitaja, na mimi nikaikubali, kwa sababu alijua na mimi nilijua kwamba nisingeweza kungoja mnunuzi atoke Kitale. Wapagazi wakavusha magunia, na vumbi lake likabaki njiani, na mbuzi wa Kakuma nzima wakaja kuramba barabara. Nikachoma yale mashati. Duka nikalisugua kwa maji na majivu mpaka mabati yakang'aa.

Na sasa sikia. Sukari imehama, hazijapita siku nyingi, mvua ile kubwa ya mwaka huo ikaanza. Turkana hii hii yenye kuomba mvua magotini. Mito ikashuka, barabara ya Kitale ikakatika, malori yakalala njiani kwa majuma, na sukari ya Kakuma ikawa ni ile tu iliyokuwa kwa Ekidor. Bei ikapanda, ikapanda tena. Wakati huo mimi naketi kwenye duka safi kabisa, nauza chumvi, sabuni, viberiti na majani ya chai, na hakuna anayekuja, kwa sababu mtu hawezi kununua majani kwangu halafu avuke matope kununua sukari kule. Kila asubuhi Ekidor alikuwa anainua mkono kutoka mlangoni kwake. "Ejok, Losukari. Leo umekunywa chai?" Kila asubuhi. Hakuwahi kuchoka.

Nyuma ya pazia karatasi zilikuwa zambarau. Asubuhi zambarau, jioni zambarau. Sista alipita kwenye matope na viatu mkononi, akazitazama, akaguna, na kuguna kwake nilikuwa nimeanza kukuelewa. Miezi mitatu ikapita, hakusema tena habari ya kumtoa. Siku moja mvua inapiga mabati, tunakula, Asekon akasimamisha tonge.

"Mara ya mwisho alianguka lini?"

Nikafikiri. Naye akafikiri. Hakuna aliyekumbuka. Kitu tulichokingoja miaka yote hiyo, nilidhani kitakuja na ngoma, na kumbe kilikuwa kimeshaingia kikakaa, hakikupiga hodi. Akiru alikuwa anamfinyangia kuku samaki wake. Asekon akamgeuzia mgongo kabisa, akaenda mpaka jikoni, akarudi na sufuria bila haraka. Ndipo nikaamini.

Duka lilikufa mwanzo wa mwaka mpya, nikamwuzia Ekidor hata mabati na kaunta. Tukahamia Lodwar. Ata alinipokea kwa kuniangalia tu, mpaka nilipochinja kondoo mwenye mkia mzito kuliko wote sokoni. Akaukata ule mkia kwa mkono wake, akauyeyusha, akampa mjukuu wake kwa kipimo cha Asekon, na akaniambia, "Ungeniuliza mimi kuhusu mafuta, usingesumbua watu wa Bungoma." Nikaanza tena, mafuta, ngozi, samaki wa Lowarengak, na hiyo ndiyo njia iliyoleta malori yangu mawili na nyumba hii. Jina hata hivyo halikubadilika. Mpaka leo mimi ni Losukari, na ni miaka mingapi sijauza hata kijiko.

Baada ya miaka miwili tulimrudisha Akiru Kakuma kwa Sista. Akampima, akamzungusha, akasema sasa tutaanza kurudisha chakula cha watu wengine, kidogo kidogo, na leo anaweza kuonja. Nikatoka hospitalini na mtoto mkononi nikaenda mpaka kwenye duka langu la zamani, kwenye mlango ambao bawaba zake nilizifunga mimi. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kusimama upande ule wa kaunta. Ekidor alikuwa amezeeka kidogo.

"Losukari. Umekuja kuuza nini?"

"Nipe robo ya sukari."

Akanitazama aone kama ni mzaha. Akapima, akafunga kwenye karatasi, akasukuma.

"Na nyongeza ya mtoto?" nikamwuliza.

"Nyongeza ilikuwa mambo yako," akasema. "Mimi nafanya biashara."

Nikafungua karatasi palepale. Akiru hakuambiwa kitu. Alikuwa na miaka saba, mrefu, na alinyoosha mkono wa kushoto, ule wenye kovu, akafungua kiganja kama alivyokuwa akifungua kwenye foleni. Nikaweka chembe katikati. Akaitazama. Akalamba, akafikiri, akanitazama mimi, akatazama rafu, akatazama tena kiganja.

"Baba," akasema, "ni hii tu?"

Watu wakiniuliza mwaka ule ulinigharimu nini, wanataka niwatajie duka, na magunia, na bei ya Ekidor. Hivyo vyote nilishavirudisha na faida juu. Lakini siku ile nilifunga karatasi, nikamshika mtoto mkono, nikalipa, nikatoka. Shilingi kumi na tatu, hizo tu ndizo sijazirudisha mpaka leo.